Zamu ya Ndoto, Mtaa wa Barton

Tulipanga foleni tangu saa nne asubuhi,
Hamilton, Februari,
baridi ya kukata masikio ukayatia mfukoni.
Milango ya ukumbi hufunguliwa saa moja usiku.
Hesabu mwenyewe.
Mimi nilitoka zamu moja kwa moja,
miguuni viatu vya wodini,
ndani ya koti blanketi la hospitali, kama mwizi.

Bendi yenyewe, nikiifasiri, yaitwa Taa ya Friji.
Usinicheke.

Aliyeanza ni Thaddeus, fundi wa lifti:
"Jana Odalys, muimbaji, alikuja kwangu kupima viatu.
Kumbe mimi ni duka.
Si mwenye duka. Duka.
Akaingia, kengele ikalia hapa kifuani,
akataka namba thelathini na nane, nyeusi.
Sikuwa na nyeusi.
Nimeamka na aibu mpaka sasa."

Tukacheka, mvuke wa vinywa vyetu
ukaziba dirisha la kinyozi.

Gurleen akasema hilo si kitu:
mpiga ngoma kamposa bibi yake,
mahari magunia sita ya vitunguu,
na babu yupo, mzima, kakaa pembeni
anavihesabu.

Kisha Mzee Ouellette, mstaafu wa kiwanda cha chuma,
ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema ila "samahani",
akavua kofia:
"Mimi nilikuwa waya wa gitaa la besi. Ule mnene.
Nikiguswa, nafanya hivi."
Akafanya.
*Mmmmh.*
Theluji ikamtua kichwani, na foleni nzima,
hadi kule kwenye kona, ikampigia makofi.

Kwetu nimefunzwa: ndoto humwelezi ila akupendaye.
Ikiwa mbaya, tema kushoto mara tatu, geuza ubavu, nyamaza.
Hawa wamejuana kwa tiketi tu,
na wanamwaga usingizi wao barabarani
kama maji ya kuoshea mchele.

"Na wewe, Mishi?"

Wa zamu ya usiku haoti.
Mchana ananguka kama gunia, mchana anaokotwa.
Lakini nani ataka kuwa mkavu kwenye mvua ya wenzake?
Nikasema niliota tembo anapiga kinanda.
Kimya.
Ndoto ya uongo hujulikana upesi,
kama chai iliyopashwa.
"Nzuri," akasema Gurleen, kwa huruma,
akanipa nusu ya andazi lake.

Saa moja. Milango.
Nikapata nafasi ukutani, kando ya bomba la joto,
nikaegemea kidogo tu,
taa zikazimwa, umati ukapiga ukelele,

na Odalys yuko chini ya sinki langu,
anazibua bomba,
anasema Kiswahili cha Likoni kisicho na doa:
"We Mishi, lete spana kumi na tatu."
Nampa kijiko. "Hiyo hiyo."
Maji yanatoka yakiwa yamekunjwa, kama kanga mpya.
Mama amekaa ndani ya friji, amejifunga leso,
anachambua kunde, mlango umefungwa,
nami namwona, kwa sababu taa haikuzimika.
"Funga vizuri," ananiambia, na mlango umeshafungwa.
"Baridi inatoka."

Nilizinduliwa na mfagiaji.
Sakafuni vikombe vya karatasi, glavu moja.
Dola tisini na tano, saa tisa za theluji,
na sikusikia wimbo hata mmoja.

Nje walikuwa wakinisubiri, sauti zimewakauka,
Thaddeus kashika kijiti cha ngoma alichokidaka hewani,
Mzee Ouellette masikio yakimlia bado.
Nikakiri. Nilidhani watanicheka.
Hakuna aliyecheka.
Basi la mwisho likaja, likafungua mlango, likangoja,
likachoka, likaenda zake.

"Sema," akasema mzee, akivuta kofia hadi kwenye nyusi.
"Pole pole. Usiruke kitu."

Nikaanza na kijiko.